TAHADHARI: Anayeuza miche ya "lavenda nyeupe fupi" Nakuru, Gilgil na Naivasha

Ndugu zangu wa Nakuru, Gilgil, Naivasha na Njoro, tafadhali someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook akiuza miche anayoiita lavenda nyeupe fupi kutoka Ufaransa, shilingi 350 kila mmoja, na ukichukua kuanzia 50 anakupunguzia. Anachouza si lavenda nyeupe, na mingi haina hata mizizi. Chama cha shemeji yangu kule Gilgil kimepoteza akiba kwa mtu huyu. Imeniuma sana, kwa sababu wale akina mama walikuwa wakiweka kidogokidogo kutokana na mayai na maziwa.

Jina lake siandiki, maana kila grupu ana jina lingine na namba nyingine. Mjueni kwa mwenendo.

Anaanza na picha nzuri: vichaka vidogo vya mviringo vimepangwa mstari, maua meupe pe pe pe. Itazame vizuri hiyo picha. Nyuma kuna ukuta wa mawe wa kizamani na mtu amevaa koti zito la baridi. Hapo si Bahati wala Subukia. Ukimwomba video akiwa amesimama ndani ya kitalu chake, anasema kitalu kiko upande wa Molo na mtandao unasumbua. Ukisema utafika mwenyewe, wageni hawaruhusiwi, eti wataleta magonjwa ya mimea. Hapo ndipo haraka inapoingia: imebaki michache, gari linaondoka kesho, tuma nusu ya kushikilia. Nusu ya pili unalipia stejini, miche ikishushwa kwenye buti la matatu. Yeye mwenyewe humwoni.

Akiona bado unasita, anatoa ahadi ya soko. Baada ya miezi sita kampuni itakuja kununua maua kwako, kwa sababu mafuta ya ua jeupe eti yana bei mara tatu ya yale ya zambarau. Huo ni uongo. Mafuta ya lavenda hayatoki kwenye rangi ya ua. Mengi yako kwenye vitezi vidogo vilivyo juu ya kikombe kinachoshika petali. Wanaolima kwa ajili ya mafuta mengi hutumia chotara kubwa iitwayo lavandini, inayotoa mafuta mengi zaidi kwa eka. Lavenda fupi nyeupe ni ya bustani, ya kupamba kingo za njia na kuvuta nyuki. Na lavenda yoyote huchukua miaka miwili hadi mitatu kufikia umbo lake kamili, kwa hiyo hayo mavuno ya miezi sita hayapo. Waliokuwa hapa wakati kila mtu alikimbilia kufuga kware, 2013 na 2014, wanakumbuka biashara ambayo mteja wake mkubwa alikuwa mfugaji mwingine anayeanza.

Nilipofika Gilgil nilichukua wembe nikapasua mifuko kadhaa ya miche hiyo. Udongo ulikuwa mweusi, mzito, umelowa chepechepe. Nilishika kijiti kwa vidole viwili kikatoka bila kushikwa na chochote. Ncha ya chini ilikuwa imekatwa kwa kisu, mshazari, bado nyeupe, na majani ya chini yalikuwa yamefukiwa pamoja nayo, yameoza na kuwa meusi. Anayejua kuotesha vipandikizi vya lavenda huyatoa majani ya chini kwanza. Hivi vilichomekwa tu kwenye udongo siku chache kabla ya kuuzwa. Kijiti kama hicho hukaa kijani wiki mbili, hata tatu, kwenye unyevu, halafu hukauka. Wiki hizo ndizo zinazomtosha kupotea.

Iliyokuwa na mizizi nayo haikuwa lavenda nyeupe. Mingine ilikuwa rosemari: jani gumu kama sindano, kijani kilichokolea na kung'aa upande wa juu, jeupe chini, na ukilifikicha linanukia kiungo cha nyama. Mingine ilikuwa lavenda ya meno, *Lavandula dentata*. Hiyo ni lavenda kweli, ila kingo za jani zimechongoka kama msumeno, hukua kukaribia mita moja, na maua yake ni ya zambarau. Lavenda fupi nyeupe inayojulikana zaidi ni Nana Alba, ya jamii ya *Lavandula angustifolia*. Jani lake ni jembamba, la kijivu-kijani, laini, kingo zake hazina meno. Kichaka hufika sentimita 30 hivi kwenda juu, na upana karibu sawa na huo. Mimi ninayo hapa Kiamunyi, na ukiweka jani lake kando ya yale ya Gilgil hata mtoto ataona tofauti.

Kuna na pakiti za mbegu, anaziita mbegu za Nana Alba. Msinunue. Aina hiyo huzalishwa kwa vipandikizi. Ukiotesha mbegu zake huna uhakika wa kupata urefu ule wala weupe ule.

Lililonikera kuliko yote ni maelekezo anayotoa. Aliwaambia wale akina mama wamwagilie asubuhi na jioni na wajaze mbolea ya kuku kwenye mashimo. Hata mche mzuri ungekufa. Halafu ukimpigia analaumu utunzaji wako. Ni mpango kamili, lawama inarudi kwako ukiwa umeshalipa.

Lavenda ni mmea wa vilima vikavu vya nchi za Mediterania. Inataka jua saa sita au zaidi kila siku, na udongo unaopitisha maji upesi, usio na uchachu. Sisi tulio karibu na Menengai tumebahatika, majivu na mawe mepesi ya volkeno yanapitisha maji vizuri. Aliye kwenye udongo mweusi unaoshika maji ainue tuta na achanganye changarawe kwa wingi. Miezi ya kwanza mwagilia kwa kina, kisha acha udongo ukauke kabla ya kurudia. Mche ukishashika, kiangazi cha Januari hausumbuki nacho sana. Kinachoua ni kukaa kwenye maji wakati wa mvua za Aprili na Agosti, mizizi ikaoza. Mbolea kidogo sana au usiweke kabisa. Juu ya udongo mwaga kokoto ndogo badala ya majani makavu, ili shina lisikae na unyevu. Maua yakiisha, punguza theluthi moja ya matawi, lakini usikate hadi kwenye mti mkavu usio na majani, kwa sababu hapo mara nyingi hauchipui tena.

Kama unaitaka kweli, nenda kwenye kitalu unachoweza kuingia kwa miguu yako, nunua michache ikiwa na maua ili uone rangi kwa macho. Mmea mmoja wa kweli utakupa vipandikizi vingi: kata vitawi visivyo na ua, sentimita 7 hadi 10, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Na muuzaji akisema mimea imetoka Ufaransa, mwambie akuonyeshe kibali cha kuingiza mimea cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea cha nchi ilikotoka. Mmea hauingii nchini kihalali bila hivyo viwili. Huyu wetu alipoulizwa, alimtoa shemeji kwenye grupu.

Kwa waliokwisha kutuma pesa: kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kunasaidia zaidi pesa zikienda kwa namba isiyo sahihi. Uliyemlipa mwenyewe kwa hiari, usitegemee hilo pekee. Ripoti namba yake kwa 333, piga picha mazungumzo yote kabla hajayafuta, weka mifuko na miche iliyokufa, nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Akina mama wa Gilgil wameshaandikisha yao. Majina ya M-Pesa yaliyojitokeza kwao ni tofauti na jina analotumia kwenye grupu, kwa hiyo ujumbe wako, hata wa shilingi 350 tu, unaweza kuunganisha namba moja na nyingine. Usiufute.

Na kama wewe umeambiwa miche yako inashushwa stejini wiki hii na bado hujalipa nusu ya pili, usilipe kwanza. Chagua mwenyewe mfuko wowote, upasue hapo hapo mbele ya kondakta, uvute mche uone kama una mizizi.