Nyumba za zamani Marekani kwa bei nafuu: kagua bomba la majitaka kabla ya kupenda sakafu

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa waliohamia Marekani yanafanana sana. Nyumba ni ya 1912, sakafu za mbao ngumu, vioo vya rangi kwenye ngazi, baraza la mbele, bei ambayo Nairobi isingekupa hata flati ya maana. Miezi mitatu baada ya kununua mvua inapiga usiku mmoja, na asubuhi besimenti, ile ghorofa ya chini ya ardhi, imejaa majitaka. Fundi bomba anakuja na kamera, anatoka na hesabu ya dola 12,000. Bima inakataa. Mkaguzi aliyelipwa kabla ya kununua anaonyesha mkataba wake: bomba la nje halikuwa sehemu ya kazi yake.

Basi mwongozo huu hautagusa shule, vituo vya basi wala ramani za uhalifu. Hayo yameandikwa mno na kila dalali anayakariri. Nazungumzia bomba moja, lile linalotoka besimenti hadi bomba kuu la mji chini ya barabara, kwa sababu ndilo linaloamua kama nyumba ya bei nafuu ni ya bei nafuu kweli.

Dar au Mombasa karo liko uani kwako. Likijaa unaliona, unaita gari la kunyonya, yamekwisha. Katika miji mingi ya zamani ya Marekani bomba hilo limezikwa futi 6 hadi 10, linapita chini ya bustani, njia ya miguu, mara nyingine hata nusu ya barabara, na bado ni mali yako mpaka pale linapoungana na bomba la mji. Nyumba zilizojengwa kabla ya Vita vya Pili zilitumia mabomba ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vya futi 2 au 3. Bomba la mita 15 lina maungio kama 20, na kila ungio ni mlango wa mizizi. Mti wa maple uliopandwa mbele ya nyumba miaka 60 iliyopita umeshayapata maji hayo zamani. Nyumba za kati ya 1945 na 1970 zina ugonjwa wao: baadhi ziliwekewa Orangeburg, bomba la nyuzi za karatasi zilizoloweshwa lami. Likizeeka hubonyea likawa bapa. Halizibuliwi, linang'olewa.

Lingine ni la mji wenyewe. St. Louis, Buffalo, Cleveland na Pittsburgh zina maeneo makubwa ambako maji ya mvua na majitaka yanatumia bomba moja. Mvua kubwa ikinyesha, bomba kuu linajaa, na maji yanatafuta tundu la chini kuliko yote. Tundu hilo ni la sakafu ya besimenti yako. Kinga yake ni vali ya kuzuia majitaka kurudi, na inatakiwa iwe imeshawekwa kabla ya mvua.

Kwa mnunuzi aliye mbali, agiza ukaguzi wa kamera peke yake, nje ya ukaguzi wa kawaida. Kwa kawaida ni dola 150 hadi 400. Uwekwe kwenye ofa kama sharti, kwa maandishi, ili matokeo yakiwa mabaya urudishiwe amana yako au bei ijadiliwe upya. Mchukue fundi ambaye hauzi ukarabati wa mabomba, la sivyo kila bomba atakalolitazama litakuwa bovu. Kisha mpe masharti haya: maji yafunguliwe dakika 15 kabla ya kamera kuingia, kwa sababu nyumba iliyokaa tupu ina bomba kavu linaloficha sehemu zilizozama; kamera ifike hadi bomba kuu, na video ionyeshe kipimo cha urefu tangu mwanzo; upewe faili zima la video, maana picha nne kwenye barua pepe hazitoshi. Kwenye video tafuta sehemu ambapo lenzi inazama majini halafu inaibuka. Hapo bomba limelegea katikati, na uchafu utakaa hapo milele. Mizizi myembamba kama nywele inavumilika kwa kusafishwa kila mwaka au miwili. Kipande kilichohama kutoka kwenye mwenzake hakivumiliki.

Muulize pia muuzaji, kwa maandishi, bomba lilisafishwa lini mara ya mwisho na risiti iko wapi. Wapo wanaokata mizizi asubuhi ili kamera ipite mchana bila shida. Bomba linang'aa, wewe unasaini, mizizi inarudi msimu unaofuata.

Bima ya kawaida ya nyumba hailipi uchakavu wala mizizi. Zipo nyongeza mbili, na watu huzichanganya: moja ni ya majitaka kurudi ndani, nyingine ni ya mabomba yaliyozikwa nje. Zote mbili ni nafuu ukilinganisha na kuchimba barabara. Ziombe kwa majina yake, maana wakala hatazitaja mwenyewe.

Sasa miji, kwa mpangilio wangu. Nina upendeleo na siufichi.

Ya kwanza ni St. Louis, Missouri, na ya pili iko mbali nyuma yake. Baada ya moto mkubwa wa 1849 mji ulilazimisha ujenzi wa matofali au mawe, na chini ya ardhi yake kulikuwa na udongo mzuri wa matofali, kwa hiyo hata nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa matofali mekundu yenye nakshi juu ya madirisha. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 856,796. Mwaka 2020 walibaki 301,578. Nyumba ni nyingi kuliko wanaozitafuta, na bei inasema hivyo. Tazama kusini ya mji: Dutchtown na Bevo Mill kwa mwenye mfuko mdogo, Tower Grove South na Benton Park kwa mwenye uwezo zaidi, Carondelet kwa anayetaka kuwa karibu na mto. Taasisi inayopokea wahamiaji na wakimbizi, International Institute, iko upande huo huo wa mji.

Kinachoipa St. Louis nafasi ya kwanza kwangu ni lile bomba. Sheria ya Missouri inaruhusu miji na kaunti kutoza ada ndogo ya kila mwaka kwenye nyumba zisizozidi makazi 6, na fedha hizo hutengeneza mabomba ya nje yaliyovunjika. St. Louis inao mpango huo. Hautengenezi kila kitu, una masharti na foleni, lakini umewahi kuona wapi mji unakusaidia bomba lako? Piga simu ofisini kwao kabla ya kutoa ofa na uulize kama anwani hiyo imo, na kama imewahi kuombewa matengenezo. Usisahau vali: Julai 2022 zilinyesha zaidi ya inchi 8 kwa siku moja na besimenti nyingi zilifurika.

Tofali la St. Louis lina adui mwingine, na aliyekulia karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar atamtambua mara moja. Ni saruji. Matofali ya zamani ni laini na yalijengwa kwa chokaa. Ukuta unanyonya unyevu na kuutoa kupitia kwenye maungio. Fundi wa haraka akijaza maungio kwa saruji ngumu, unyevu unakwama ndani ya tofali, baridi ya Januari inaugandisha, na uso wa tofali unabanduka. Ndicho kile kile kinachoziumiza kuta za mawe na chokaa pale Unguja zinapopigwa plasta ya saruji, ila Unguja hakuna barafu ya kuharakisha. Omba picha za karibu za ukuta wa nyuma na wa pembeni, kwa sababu wa mbele umeshatengenezwa. Maungio ya kijivu kilichokolea, yaliyotuna kuliko tofali, ni gharama inayokusubiri. Ukifanya kazi au ukiishi mjini kuna pia kodi ya asilimia 1 ya mapato. Iingize kwenye hesabu.

Ya pili ni Buffalo, New York. Hapa utasikia Kiswahili mtaani, cha Wakongo na Warundi hasa, upande wa West Side na kuelekea Black Rock na Riverside. Nyumba ya kutafuta ni ile ya familia mbili, flati ya chini na ya juu, iliyojengwa kati ya 1890 na 1930: unaishi moja, unapangisha nyingine. Ni za mbao, na nyingi zina fremu ambayo nguzo zake hupanda bila kukatizwa kutoka msingi hadi paa, kwa hiyo moto ukianza chini una njia wazi ya kupanda ukutani. Uliza kama matundu hayo yamezibwa katika kila ghorofa. Uzuri wa huko ni kwamba mauzo hupitia kwa mawakili wa pande zote mbili, na wakili ni mtu anayesoma. Kodi ya majengo na gharama ya kupasha joto visikushtue baadaye: omba bili za gesi za miezi 12 za flati zote mbili. Bei si zile tena za miaka 10 iliyopita. Mji uliongezeka watu katika sensa ya 2020 kwa mara ya kwanza baada ya miaka 70, na wauzaji wameshaisoma.

Pittsburgh ni ya tatu, na ingekuwa juu zaidi kama isingekuwa na milima. Brookline, Beechview, Carrick na Troy Hill zina nyumba nzuri za matofali. Katika manispaa nyingi za Kaunti ya Allegheny nyumba haiuzwi bila kipimo cha rangi: rangi inamwagwa kwenye mifereji ya paa kuona kama maji ya mvua yameunganishwa kinyume cha sheria na majitaka. Kipimo kizuri, ila hakichukui nafasi ya kamera, na wauzaji hupenda kukionyesha kana kwamba kinachukua. Ukikuta choo kimesimama peke yake besimenti bila ukuta wala mlango, usicheke. Ni vya kawaida huko, na maelezo mojawapo ni kwamba majitaka yakirudi yatokee hapo na si juu sebuleni. Eneo hilo lilichimbwa makaa ya mawe. Bima ya ardhi kutitia huuzwa na jimbo la Pennsylvania lenyewe, na bima ya kawaida haiigusi.

Cleveland naiweka ya nne kwa sababu ya kitongoji kimoja, Cleveland Heights: serikali ya mtaa hukagua nyumba wakati wa kuuzwa, na kasoro zisizorekebishwa huwekewa fedha za amana. Omba ripoti hiyo kabla ya kutoa ofa. Baltimore ya tano, nyumba za kushikana kuta, nzuri, lakini angalia kwanza kwenye rejista ya jimbo kama ardhi chini ya nyumba inadaiwa kodi ya mwenye kiwanja, ada ndogo ya mwaka ambayo ikisahauliwa huzaa kesi. Detroit, zile nyumba za mnada zinazoanzia dola 1,000: zina sharti la kukarabatiwa ndani ya miezi 6. Aliye Dar hawezi. Tuendelee.

Kuchuja ukiwa bado nyumbani ni kazi ya kompyuta na uvumilivu. Tovuti ya mkadiriaji wa kaunti, anayepanga thamani ya majengo kwa ajili ya kodi, itakupa mwaka wa ujenzi, kodi na historia ya mauzo. Nyumba iliyouzwa mara mbili ndani ya miezi 8, ya pili kwa bei maradufu, imepitia kwa mchuuzi, yule anayenunua, kupamba na kuuza haraka. Tafuta vibali vyake: jiko jipya, bafu mbili mpya na hakuna kibali hata kimoja cha mabomba, basi mabomba ni yale yale. Picha za mtaani za Google zina miaka ya nyuma; rudi hadi 2008 uone kama kulikuwa na mti mkubwa mbele uliokatwa karibuni. Mti umekwenda, mizizi imebaki. Makampuni ya maji yalitakiwa kuandaa orodha ya mabomba ya madini ya risasi ifikapo Oktoba 2024, nayo ni ya wazi kwa umma, kwa hiyo tafuta anwani yako humo. Na kwa nyumba yoyote ya kabla ya 1978 sheria inamtaka muuzaji akuarifu anachokijua kuhusu rangi ya kupaka yenye madini ya risasi na akupe siku 10 za kuipima. Mwenye watoto wadogo azitumie.

Hawa wachuuzi nisipowasema nitalala vibaya. Kijivu kila mahali, sakafu ya plastiki iliyochapwa sura ya mbao juu ya mwaloni halisi, na besimenti imepakwa rangi nyeupe nzito hadi kiunoni. Kwa nini hadi kiunoni? Kwa sababu alama ya maji inaishia hapo. Kwenye simu ya video mwambie dalali ashushe kamera hadi miguu ya tanuri ya kupashia joto. Kutu haipakwi rangi vizuri. Kisha ajaze beseni la kuogea, aachie maji yote huku akivuta vyoo vyote kwa pamoja, asimame besimenti akimulika tundu la sakafuni dakika 5 nzima. Akisita, tafuta mwingine.

Madalali wenyewe, tangu 17 Agosti 2024, wengi wao wanatakiwa wawe na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza nyumba, hata kwa video ya moja kwa moja. Wanautuma kama fomu ya kawaida tu, usaini haraka. Siyo ya kawaida tu. Soma malipo yake ni kiasi gani, nani anayalipa muuzaji asipolipa, na unafungwa naye kwa miezi mingapi. Yote yanajadilika, na asiyekwambia hivyo ameshakwambia mengine.

Kuhusu mkopo, tangu Mei 2025 mikopo ya FHA, ile inayodhaminiwa na serikali kuu, haitolewi tena kwa wasio na ukaazi wa kudumu. Mwenye viza ya kazi bado anaweza kukopa kwenye baadhi ya benki za kawaida, ila malipo ya awali huwa makubwa zaidi kwa asiye na historia ya mikopo huko. Ndiyo maana nashauri kupanga nyumba kwanza kwa mwaka mmoja katika mtaa ule ule unaoutaka, ghorofa ya chini ikiwezekana, upite nao msimu mmoja wa mvua. Na siku ya kutuma fedha za kukamilisha mauzo, ikija barua pepe inayosema namba ya akaunti imebadilika, usitume. Ipigie simu kampuni ya hati, ile inayothibitisha umiliki na kukamilisha mauzo, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe mwanzoni, msomeane akaunti tarakimu kwa tarakimu.