Bastola ya Fremu ya Alumini: Mkwaruzo Upi wa Kawaida, na Grisi Iende Wapi

Karibuni tena watazamaji. Leo mezani tuna SIG Sauer P226 ya 9mm, iliyokwishatumika. Shabaha yake siigusi, inajulikana. Leo tunaifungua na kuitazama ndani, kwa sababu wenye bastola za aina hii wana hofu moja ile ile: reli, ile mistari ya fremu (mwili wa chini wa bastola) ambayo slaidi (kipande cha juu) huteleza juu yake, zimeanza kung'aa, weusi umetoka, je, ndiyo imekwisha?

Kwanza usalama. Magazini imetoka. Slaidi nimeivuta nyuma nikaifunga, chemba nimeitazama kwa jicho na kuipapasa kwa kidole. Tupu. Risasi hazimo kabisa kwenye chumba hiki. Hata kama uliikagua dakika moja iliyopita, kagua tena. Sasa nageuza huu wenzo wa ubavuni, slaidi inateleza mbele na kutoka. Sikulazimika kuvuta kifyatulio, na hilo kwenye P226 nalipenda sana.

Haya, fremu hii hapa. Bastola hii ilitengenezwa kwa ajili ya majaribio ya jeshi la Marekani ya mwaka 1984, ikafika mwisho pamoja na Beretta 92, na Beretta ndiyo iliyopewa mkataba mwaka 1985. Zote mbili ni fremu ya alumini chini, slaidi ya chuma juu. Kwa hiyo mwenye Beretta asiondoke, wala mwenye CZ P-01, nayo ni bastola ya fremu ya alumini. Alumini ilichaguliwa kwa wepesi: kipande cha ukubwa ule ule kina karibu theluthi tu ya uzito wa chuma. Ubaya wake ni kwamba ni laini, na hapa inasuguana na chuma kila unapofyatua.

Ndiyo maana fremu huchovywa kwenye asidi na kupitishiwa umeme mpaka uso wake wenyewe ugeuke oksidi ngumu. Hiyo ndiyo anodaizi ngumu. Wengi wanadhani ni rangi iliyopakwa. Hapana, ni alumini yenyewe iliyogeuka, na rangi nyeusi imenyweshwa ndani yake. Ugumu wake unashindana na chuma kilichopikwa, lakini unene wake ni mikroni 25 hadi 50 hivi, yaani haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Chini yake kuna alumini ile ile laini. Chukulia ganda la yai: gumu, lakini likishapasuka sehemu moja kilichomo hakina ubishi.

Sasa sogeza kamera hapa, juu ya reli ya kulia. Mnauona huu mstari wa fedha? Umeanzia mbele, umefifia kabla ya kufika katikati. Bastola ikitoka kiwandani, reli na mfereji wa slaidi havigusani kote. Vinagusana kwenye vilele vidogo. Vilele hivyo ndivyo vinavyokwanguka kwanza, vinang'aa, halafu mzigo unasambaa kwenye eneo kubwa zaidi na kukwanguka kunapungua. Mara nyingi kunasimama kabisa. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama reli imelika. Imelika, na ingeshangaza isingelika. Swali ni kama bado inaendelea kulika.

Na hilo jicho pekee haliwezi kukuambia, maana jicho linaona rangi tu. Tumia ukucha. Futa mafuta yote, pitisha ukucha taratibu kukatisha ule mstari wa fedha. Ukiteleza bila kukwama, huo ni mng'ao, achana nao. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, au ukihisi ukingo umeinuka na kuwa mkali, hapo alumini imeanza kung'olewa na chuma. Hii yangu ukucha unateleza. Safi.

Kipimo cha pili ni grisi ya zamani, na watu wengi huifuta bila kuitazama. Usiifute tu, ipake kwenye kitambaa cheupe uisogeze kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi tii, hayo ni masizi ya baruti, hayana neno. Ikiwa ya kijivu na ndani yake kuna vimeta vimeta vinavyong'aa, hiyo ni alumini. Bastola mpya ikitoa vimeta kidogo mwanzoni, sawa, inazoeana. Bastola ya zamani ikiendelea kutoa, kuna kitu. Na pale oksidi ikishang'oka inakuwa unga mkali. Oksidi ya alumini ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye msasa. Ndiyo sababu nakasirika nikiona mtu anaongeza grisi mpya juu ya ya zamani. Anasaga reli zake mwenyewe.

Cha tatu: piga picha. Pembe ile ile, taa ile ile, uiweke. Ukishapiga risasi mia kadhaa, piga nyingine ulinganishe. Mstari uliobaki pale pale unakupa usingizi kuliko maoni ya mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Kuna alama nyingine kwenye P226 zinazotisha bure. Nikifungua kibao cha mpini upande wa kulia, hapa ufito wa kifyatulio, unaounganisha kifyatulio na nyundo, unapita nje ya fremu, umechora mstari mng'avu. Kawaida. Chini ya mtutu, kwenye hili bakuli la springi, kuna mikwaruzo ya mawimbi mawimbi. Ni springi inajikunja na kugusa. Kawaida. Juu ya mtutu karibu na mdomo kuna upinde uliong'aa, na huo ni chuma kwa chuma, wala hauhusu fremu. Mradi uko sawa pande zote mbili, upite. Na slaidi kucheza kidogo ukiitikisa ni nafasi iliyoachwa makusudi ili uchafu usiikwamishe. Kinachotakiwa kukaa imara ni mtutu: slaidi ikiwa imefungwa mbele, bonyeza mtutu kwa kidole gumba kupitia tundu la maganda, yaani pale maganda ya risasi yanapotokea. Usizame.

Kitu kimoja ambacho sikipitii haraka ni ufa. Chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani, kinaweza kuubeba bila kikomo. Alumini haina kiwango hicho. Kila mshtuko unahesabika, hata mdogo. Kwa hiyo kwenye tundu la wenzo, kwenye kona zilizochongwa kwa pembe kali, mbele ya reli, natazama kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Nikiona mstari wenye shaka, naupaka mafuta mepesi, nasubiri kidogo, nafuta hadi pawe pakavu, halafu natazama tena. Mkwaruzo utabaki mkavu. Ufa utatema mafuta tena, mstari mweusi unarudi wenyewe. Ukiona hivyo hakuna kupaka wala kuziba: bastola haipigwi tena mpaka fundi aliyesomea silaha aione.

Tuje kwenye kulainisha. Kwa reli za alumini nachagua grisi, si mafuta mepesi. Mafuta mepesi yanatiririka na kukauka, na bastola iliyolala wiki kadhaa unaikuta reli kavu. Grisi inakaa. Naiweka hivi: tone dogo kama kichwa cha kiberiti kwenye kila reli, nalitandaza kwa kidole mpaka naona utando tu, siyo rundo. Kidogo ndani ya mifereji ya slaidi. Kidogo juu ya mtutu pale penye ule upinde, na kwenye bega la chemba linaloingia tundu la maganda. Humu ndani ya fremu kuna kipande cha chuma ambacho mtutu hushukia ukirudi nyuma. SIG walikiweka ili alumini isipokee pigo hilo. Nacho nakigusa. Mhimili wa nyundo na ufito wa kifyatulio, tone moja moja la mafuta mepesi. Basi. Njia ya pini ya kufyatulia iachwe kavu, magazini ziachwe kavu, na ndani ya mtutu pafutwe kabla ya kupiga.

Kwenye baridi kali grisi inaganda na slaidi inakuwa nzito, hapo rudi kwenye mafuta. Penye vumbi jingi, punguza. Na grisi yenye grafaiti usiiguse kabisa kwenye alumini: pakiwa na unyevunyevu, grafaiti inaichochea alumini ile kutu yake nyeupe.

Dawa za kusafishia nazo. Sabuni kali za kuondoa grisi jikoni au kwenye injini nyingi zina magadi makali, na magadi makali yanayeyusha anodaizi. Utaloweka fremu nyeusi utoe ya kijivu. Soma chupa.

Kuna wanaotaka kuipeleka fremu ikaanodaiziwe upya kwa sababu haipendezi. Mimi siungi mkono. Ili kuweka mpya lazima ile ya zamani ivuliwe, na inapovuliwa inaondoka na alumini kidogo, reli zinakonda. Unanunua weusi kwa kuuza kipimo.

Uamuzi wangu juu ya hii hapa: fremu nzima, reli zimetulia, ufa hakuna. Ambacho sikiamini ni springi ya kurudisha slaidi, kwa sababu historia yake siijui. Springi iliyochoka inaiacha slaidi igonge fremu kwa nguvu zaidi kila inaporudi nyuma, na kiwanda kinasema ibadilishwe kila risasi 5,000. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote humu, kwa hiyo naweka mpya kabla sijaipeleka uwanjani.