Cessna 172S: vali 13 za kutolea maji

Nikiulizwa ninachoipendea ndege hii, nataja matangi yake ya mafuta. Kila bawa lina vali tano za kutolea maji, na tatu nyingine ziko chini ya pua. Kuzizungukia zote asubuhi kiuno kinauma, lakini siruki hata moja: maji ni mazito kuliko petroli, hujikusanya chini, na yakifika kwenye injini inazima.

Juzi, baada ya mvua ya usiku kucha, nilikinga kikombe bawa la kushoto. Chini ya mafuta ya buluu kulikuwa na tone jeupe kama punje ya mtama, likiteleza huku na huku. Nilikinga mara nne hadi yakatoka safi. Fundi akabadilisha mpira wa kifuniko cha tangi, ulikuwa umechakaa. Kikombe kikijaa kitu kisicho na rangi kabisa, kinuse kwanza. Huenda ni maji matupu.