Hester Stanhope au Anne Blunt: uanze na nani?

Wote wawili ni wanawake wa Kiingereza waliosafiri nchi za Waarabu karne ya 19; swali ni usome habari za nani kwanza. Hester, mpwa wa waziri mkuu wa Uingereza William Pitt, aliingia Palmyra, mji wa magofu huko Syria, mwaka 1813 juu ya farasi, kavaa mavazi ya kiume. Kisa kitamu! Ila kumbukumbu zake ziliandikwa na daktari wake, Charles Meryon, zikatoka 1845, yeye akiwa keshafia Lebanon na madeni tele. Tunamsikia kwa kinywa cha mwingine.

Anne, mjukuu wa mshairi Byron, alishika kalamu mwenyewe. Alifika Hail, mji wa Uarabuni, mwaka 1879 pamoja na mumewe Wilfrid, akiandika shajara na kuchora njiani. Anawakagua farasi wa Ibn Rashid, mtawala wa Hail, kichwa, shingo, hadi mkia, kama mnunuzi asiyedanganyika. Kweli, mume aliihariri kazi hiyo. Hata hivyo, mimi ningeanza na Anne. Hester nawaachia wapenda vituko.