Kabla hujalipia kipimo cha udongo Malindi, uliza habari ya chumvi

Maharagwe yangu yaliungua kingo za majani kama yaliyobabuliwa na moto. Maji nilikuwa nikiyatia asubuhi na jioni, na wadudu sikuwaona. Nikanunua mtandaoni kile kipimo cha miguu mitatu ya chuma, shilingi 1,800. Nikakichomeka kwenye tuta la maharagwe, kikasema pH, yaani kipimo cha asidi, ni 7. Tuta la mchicha, 7. Mchanga mkavu wa ufukweni, 7. Kumbe hakina betri. Kinategemea umeme mdogo wa metali mbili zinapokutana na unyevu, basi udongo ukiwa mkavu sindano haitikisiki, na ukiwa na chumvi inakudanganya. Hicho msikinunue.

Ila wenzangu wa Mambrui, Ganda na Watamu mmeumia kuliko mimi. Mmelipa maabara, mkasubiri, mkaletewa karatasi yenye pH, nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Chumvi haikutajwa popote. Kwa mtu wa Pwani hiyo ni karatasi pungufu, hata iwe na mihuri mitatu.

Sisi tunalima juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na visima vyetu vingi vina ladha ya bahari. Ukimwagilia maji hayo kiangazi kizima, maji yanapaa na chumvi inabaki. Ndivyo wanavyovuna chumvi kule Gongoni, ila wao wanaitaka. Kwenye karatasi ya maabara itafute kwa jina la EC, yaani jinsi udongo unavyopitisha umeme (chumvi ikizidi, nayo hupanda), kwa kizio cha dS/m. Udongo ukifika 4 unahesabiwa kuwa wa chumvi, lakini usingoje hapo: mavuno ya maharagwe huanza kushuka ikipita 1, vitunguu 1.2, pilipili 1.5, nyanya 2.5. Mtende huvumilia hadi 4. Viwango hivyo ni vya udongo ulioloweshwa ukawa uji, maji yake yakakamuliwa. Maabara ikipima sehemu moja ya udongo kwa tano za maji, namba hutoka ndogo zaidi, na utajiona salama kumbe sivyo. Waulize wametumia njia gani.

Sasa njia za kupima, kwa mpangilio wangu. Nafasi ya kwanza nawapa CropNuts, maabara ya udongo ya hapa Kenya, na sifichi kwamba nawapendelea. Wana ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, na kipimo chao kamili cha udongo kinaweka EC na sodiamu kwenye karatasi ileile. Ndipo nilipojua kilichoyaua maharagwe yangu. Nilikuwa nimekwisha kuyaongezea mbolea ya dukani mara mbili, na mbolea hiyo nayo ni chumvi.

Ya pili ni kalamu ya EC ya Hanna, kifaa kidogo cha kuchovya kinachosoma EC, uwe nayo nyumbani. Maabara hukupa siku moja tu ya mwaka, ilhali chumvi hupanda kiangazi na kushuka masika. Kalamu hiyohiyo itapima na kisima, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko pH. Changanya udongo na maji ya mvua, kamwe si ya kisima, uache utulie, kisha upime.

KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, tawi la Kabete, naiweka ya tatu. Ni maabara ya serikali, na kazi wanaijua. Taja EC kabla hujalipa, uione imeandikwa kwenye fomu. Wale mawakala wa kifaa cha mwanga cha mkononi, wanaokupa majibu papo hapo, ni wa nne: kifaa hukisia, na kwa chumvi sikiamini. Vikaratasi vya rangi vinatosha kwa pH, basi.

Ukichukua sampuli, chimba sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati huacha zinki na kuharibu majibu. Anika kivulini.

Sasa wauzaji. Agroveti moja mjini iliniuzia chokaa bila kuuliza chochote, kwa sababu mkulima wa bara huambiwa atie chokaa. Udongo wa sehemu nyingi za bara una asidi. Wangu una matumbawe. Tone la siki juu yake linatoa povu, ishara kwamba chokaa imo tele. Kuongeza chokaa hapo ni kuyanyima majani madini ya chuma mpaka yageuke manjano. Mfuko ule nililipia, nikaubeba kwa tuktuk, na kuurudisha wakakataa.

Na kalamu za EC wanatuuzia bila maji ya kurekebishia, yale ya 1413 µS/cm, ambayo EC yake inajulikana, na bila hayo huwezi kujua kama kalamu inasema kweli. Nilizunguka maduka yote ya Malindi nisiyapate. Yakatoka Nairobi kwa basi, na nauli ya kifurushi ikazidi bei ya chupa yenyewe.