Pampu ya kunyonyea petroli niliyoinunua Wete, na jibu nililopewa dukani

Pampu hii niliinunua Wete kwa shilingi elfu kumi na mbili, na lau ingekuwa imeharibika tu nisingeandika neno, kwani vitu vya bei hii huharibika, mtu akasema alhamdulillahi, akanunua kingine. Kilichonifanya niandike ni maneno niliyoambiwa mbele ya watu nilipoirudisha, na ninaomba msomaji anivumilie iwapo hasira itanitangulia mahali ambapo nilipaswa kueleza kifaa chenyewe.

Kazi yangu ni kukodisha spika, taa na jenereta kwa ajili ya maulidi na harusi, hasa huku kaskazini ya Pemba: Konde, Tumbe, Micheweni na vijiji vilivyo kati yake. Umeme wetu tangu mwaka 2010 unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na hatuko tena kama zamani tulipotegemea mashine za dizeli za Wesha, lakini mwenye shughuli hataki kusikia habari za waya. Anataka sauti isikatike. Kwa hiyo jenereta ni lazima, na jenereta inataka petroli, na petroli hiyo lazima ifike kijijini kwa njia fulani. Kwa miaka mingi niliibeba ndani ya dumu, nyuma ya kigari changu cha Suzuki, pamoja na mikeka, waya na mara nyingine vijana wangu wawili wanaokaa juu ya spika. Dumu likipata joto la mchana huvimba, kifuniko kikilegea kidogo tu mikeka yote hunuka, na mwenye harusi hukuangalia kwa jicho ambalo halihitaji maneno. Isitoshe, petroli inayobaki ndani ya dumu wiki kwa wiki hupoteza nguvu, na jenereta ikishaanza kukohoa, fundi huifungua kabureta akakuta uchafu wa mafuta ya zamani.

Tangi la gari, kinyume chake, limetengenezwa makusudi kwa ajili ya kubebea petroli, lina mfuniko wake na njia yake ya kupumulia, na mafuta yaliyomo ni mapya kwa sababu gari linatembea kila siku. Mtu mwenye gari na jenereta hana haja ya kubeba mafuta mara mbili. Anachohitaji ni njia safi ya kuyatoa tangini kiasi cha lita nne au tano pale pale kwenye shughuli, na hapo ndipo pampu ya kubinya inapoingia.

Niseme haki yake kwanza. Ilipokuwa mpya ilifanya kazi vizuri, tena vizuri kuliko nilivyotarajia. Ni kibofu cha mpira kinachojaa kiganja, chenye mshale uliochorwa kuonesha mafuta yanakokwenda, na kila upande umechomekwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Unaingiza mpira mmoja ndani ya tangi, mwingine ndani ya dumu lililowekwa chini, unabinya mara chache mpaka uone mafuta yanapita, kisha unaacha. Ukishaanza kutiririka, mkondo hujivuta wenyewe maadamu mdomo wa mpira wa nje uko chini zaidi kuliko usawa wa mafuta ndani ya tangi, na ndiyo maana mimi hutafuta mahali palipoinuka nikalisimamisha gari hapo. Ukitaka yakome, unainua mpira juu. Kwenye magari mengine, hasa haya mapya, shingo ya tangi ina kizuizi au imepinda kwa namna ambayo mpira hauingii kabisa, lakini kigari changu ni cha zamani na hakina taabu hiyo. Siku hizo za mwanzo niliisifu kwa kila mtu. Nilimwambia hata fundi wangu ainunue.

Kisha ikaja shughuli ya Konde. Ilikuwa maulidi ya kumtoa mtoto, uwanja umejaa, na umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Jenereta ikaishiwa mafuta wasomaji wakikaribia kisimamo, wakati ambapo watu husimama na chetezo cha udi hupitishwa baina ya safu. Nilifanya kila linalopasa kufanywa: niliiacha jenereta ipoe kwanza, kwa sababu ekzosi yake yenye moto inatosha kuwasha mvuke wa petroli, niliweka dumu chini ardhini na si juu ya gari, na nilimwambia kijana wangu azime sigara na akae mbali. Nikaingiza mpira tangini, nikabinya. Kibofu hakikurudi. Nikabinya tena, kikabaki kimevimba mkononi mwangu kama andazi lililozidi hamira, laini na chenye kunata, na vile vivali vya ndani vinavyozuia mafuta yasirudi vilikuwa havikai tena mahali pake. Mafuta yalipanda kidogo yakarudi, yakapanda yakarudi. Upande wa pili ule mpira uliokuwa mweupe ulikuwa umegeuka manjano na kukauka, na nilipoukunja ili nitazame, ukachomoka kwenye shingo ya kibofu na petroli ikanimwagikia kiganjani, kwenye kanzu na ardhini.

Wakati huo huo mzee mmoja wa makamo, kwa nia njema kabisa, alikuwa anakuja upande wetu na chetezo chenye makaa mekundu, atupitishie udi na sisi tuliokaa nyuma. Nilipiga kelele ambayo sijapata kuipiga mbele ya msomaji wa maulidi. "Ami, rudi! Rudi nyuma, petroli!" Alisimama, akashangaa, akageuka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautambai juu ukatoweka bali hushuka na kutandaa chini ardhini, kwa hivyo kaa moja lingedondoka hata hatua kadhaa kutoka pale tulipokuwa, sijui leo ningekuwa naandika nini. Na msidhani usiku wa baridi unasaidia kitu: petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, sembuse Konde.

Kisimamo kilisomwa bila spika. Mwenye shughuli alinilipa nusu, na sikumlaumu.

Nilipoikagua pampu mchana wake nikaelewa. Ule mpira unaopitisha mwanga ni plastiki ya kawaida inayolainishwa kwa dawa, na petroli huinyonya dawa hiyo ikaacha plastiki ngumu inayovunjika. Kibofu nacho hakikuwa cha mpira unaostahimili mafuta. Mpira wa kawaida ukikaa na petroli huinywa na kuvimba, jambo ambalo fundi yeyote wa pikipiki analijua. Kwa maneno mengine, hii ilikuwa pampu ya maji, pengine ya kubadilishia maji ya samaki wa kufuga ndani ya kioo. Lakini kwenye pakiti, na pakiti ninayo mpaka leo, kuna picha ya gari jekundu, tangi likiwa wazi, na mkono unaobinya kibofu. Maandishi mengine ni ya Kichina, na picha haikuhitaji mkalimani.

Nikarudi Wete. Duka silitaji, wala mwenye duka simjui. Niliyemkuta ni kijana anayelingana na mwanangu wa mwisho, amekaa nyuma ya kioo cha vipuri, simu mkononi. Nikamsalimu. Akaitikia bila kuinua uso. Nikaweka pampu juu ya kioo pamoja na pakiti yake na risiti, nikamweleza kwa utaratibu yaliyotokea, wala sikudai fedha. Nilimuuliza tu iwapo mpira ule ni wa petroli au wa maji, ili kama ni wa maji asiwauzie watu wengine.

Akaishika kwa ncha ya vidole viwili. "Mzee, kitu kikishatoka dukani si changu tena."

"Sawa, mwanangu, lakini nakuuliza ni wa petroli au si wa petroli."

"Kwani wewe unanyonya mafuta ya gari la nani?"

Watu wakacheka. Walikuwepo vijana wawili wa bodaboda na mama mmoja anayenifahamu kwa sababu nilimpigia spika harusi ya binti yake, na yeye hakucheka, aliinamisha uso, jambo ambalo liliniuma kuliko kicheko. Nikamwambia nanyonya mafuta ya gari langu mwenyewe, lililoko pale nje, na kadi yake ninayo. Akasema: "Basi si unyonye kwa mdomo kama wenzako? Ya nini kununua pampu?" Kisha akarudi kwenye simu.

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi na kila nikilifikiri naona lina ubaya wa namna mbili. Ule wa mwanzo ni wa kuniita mwizi. Ninajua kwamba kunyonya mafuta kuna jina baya huku kwetu. Kuna magari yaliyolazwa njiani na kuamka na tangi tupu, na wenye magari wameanza kutia mifuniko ya kufuli. Lakini mwizi haendi dukani mchana kununua kifaa na kudai risiti. Mwizi ana mpira wake uliokatwa na mdomo wake.

Ule wa pili ni wa hatari, na huu nausema kwa utulivu zaidi, kwa sababu wapo vijana wanaofanya hivyo kila siku na wanaona ni ushujaa. Petroli ikikupita koo ikaingia mapafuni, hata kijiko kimoja, huyachoma mapafu kwa namna ambayo mtu anaweza kuonekana mzima jioni na kushindwa kupumua usiku. Aliyeimeza hatapishwi, maana kutapika ndiko kunakoipeleka mapafuni, hupelekwa hospitali. Muuza vipuri anayemwambia mteja wake anyonye kwa mdomo hastahili kuuza hata plagi. Kwa hapo nilikuwa nimeshaamua: pampu hii na ndugu zake wote ni takataka, na anayetaka kutoa mafuta kwenye gari abaki na dumu lake.

Fundi wangu akanipa njia nyingine. Alisema tufungue mpira wa mafuta kule kwenye injini, tuwashe ufunguo, pampu ya gari yenyewe ijaze dumu. Kwenye gari la kabureta la zamani pengine, lakini gari la sindano, yaani lile ambalo mafuta hupuliziwa ndani ya injini badala ya kupitia kabureta, lina pampu inayosukuma mafuta kwa nguvu kubwa, na ukilegeza mpira wake yanaruka usoni na juu ya injini yenye moto. Tena kwa kawaida, ukiwasha ufunguo bila kupiga stata, pampu hiyo huzunguka sekunde chache tu ikazima. Nilikataa, akacheka, tukaachana hapo.

Aliyenibadilisha mawazo ni mvuvi wa Kojani niliyekutana naye bandarini Wete, akiweka mafuta kwenye mashine ya boti yake. Nilikuwa nimesimama nangoja mtu mwingine, macho yangu yakaangukia kwenye kibofu cheusi kilichokuwa kwenye mpira wake wa mafuta, baina ya tangi la kubeba na mashine. Kibofu kile kile, mshale ule ule, vivali vile vile. Nikamuuliza amekuwa nacho kwa muda gani. "Yakhe, hiki nimekikuta na mashine," akasema, "na mashine ni ya marehemu baba." Akanipa nikibinye. Kilikuwa kigumu kidogo, kikavu, kinarudi mara moja, na kimekaa na petroli usiku na mchana, chumvi na jua, kwa muda mrefu kuliko duka lile lilivyokuwa wazi. Mpira wa mashine za boti umetengenezwa kwa ajili ya petroli, na wavuvi wetu wamekuwa nao mikononi miaka yote hiyo huku sisi wa nchi kavu tukinunua vinyago vya plastiki.

Nilinunua kibofu hicho na kipande cha mpira wake kwa muuza vipuri vya mashine za boti, nikatia klipu za chuma kila upande, na nimekitumia tangu hapo kwenye shughuli za Micheweni na Tumbe bila tone kumwagika. Kimenigharimu karibu mara tatu ya kile cha mwanzo.

Kwa hiyo yale niliyoyasema juu, kwamba aina yote ni takataka, nayaondoa. Pampu ya kubinya ni kifaa kizuri, salama kuliko mdomo na salama kuliko kusafiri na dumu, ikiwa mpira wake ni wa petroli. Hata ile ya Wete, kama ingeuzwa kwa jina lake la kweli, ingemfaa mtu wa kutoa maji kwenye pipa, nami ningeipa alama za wastani. Lakini haikuuzwa kwa jina lake. Iliuzwa kwa picha ya gari jekundu, na nilipouliza niliulizwa naiba ya nani. Pampu naipa alama moja kwa zile siku za mwanzo. Duka silipi hata hiyo, na shilingi zangu elfu kumi na mbili, ambazo siku ile sikuzidai, sasa nazidai.