Mashine yangu ya gemu ya elfu arubaini na nne hapa Amu (Lamu), akaunti nne kwa pamoja

Nimekaa nayo miezi saba sasa, imepita kusi na mvua zake, imekatikiwa na stima sijui mara ngapi, kwa hivyo naweza kuisemea. Naandika manake kabla sijanunua nlitafuta sana mtu wa pwani aeleze mashine ya kufungulia akaunti nyingi na sikupata, wote wanaeleza mashine ya kuchezea gemu moja kubwa ionekane vizuri kwenye skrini na hiyo ni kazi nyengine kabisa.

Gemu ninayocheza ni Old School RuneScape. Ni gemu ya zamani, imerudishwa 2013, na kwa sisi tulio mbali na seva ina raha moja: seva yake inapiga hesabu kila sekunde 0.6, yaani hata kama ping yangu (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) mpaka Uingereza ni milisekunde 170 hivi naweza kucheza bila ya kuhisi nimeachwa nyuma. Gemu za bunduki kwa ping hiyo ushakufa kabla hujamuona aliyekupiga. Nna akaunti nne, moja ndio kubwa, mbili zinakata miti na kuvua samaki, ya nne inakaa sokoni kuuza na kununua. Kufungua nyingi wenyewe wenye gemu wanaruhusu, kilichokatazwa ni programu ya kukuchezea, na pia ile ya kubofya mara moja ikabofya kwenye akaunti zote. Kila kitu unabofya kwa mkono wako. Msije mkapoteza akaunti ya miaka kwa uvivu wa siku moja jamani.

Sasa mashine. Watu wengi wanaanzia kwenye kadi ya video, na hata dukani Mombasa yule muuzaji alikuwa anankokota kwenye keisi za vioo zenye mataa. Lakini hebu fikiria, akaunti nne ni programu nne zinazokimbia pamoja, kila moja inataka ramu yake na sehemu yake ya prosesa, na picha zenyewe ni za zamani, hazina uzito. Mimi natumia RuneLite, programu ya kufungulia gemu hii, na kwangu kila dirisha linakula kama MB 800, zidisha kwa nne, weka na Linux yenyewe, mfumo unaoendesha mashine badala ya Windows, weka na brauza iliyofunguliwa ukurasa wa maelezo ya gemu, GB 8 zishakwisha. Pesa yako ipeleke kwenye ramu, nyuzi za prosesa (threads, kazi ngapi inazishika kwa wakati mmoja), na SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Kadi ya video mimi sina hadi leo, natumia ile iliyomo ndani ya prosesa.

Nlichonunua ni Dell OptiPlex 7050 ile ya mnara, iliyotumika, zile zinazokuja za maofisi kutoka Uingereza. Ndani prosesa ya i7-6700, kokwa (cores) nne lakini nyuzi nane. Shilingi 23,000 ikiwa na ramu GB 8. Na hapa nkwambie kilichotaka kunipata. Duka la kwanza nliloingia waliniandikia i7 kwenye karatasi, bei nzuri, mashine imepanguswa inang'aa. Nikasema iwasheni nione. Kuingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, ni i5-6500, ambayo ina nyuzi nne tu. Muuzaji akaniambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja! Kwa mtu wa gemu moja pengine hatojua, kwa mtu wa akaunti nne ndio tofauti ya kila siku. Nikatoka nikaenda duka la tatu. Ukinunua mashine ya mkono wa pili usilipe mpaka uiwashe mwenyewe, uangalie prosesa, ramu, na diski kama kweli ni SSD ama ni ile ya kuzunguka.

Nikaongeza ramu nyengine ya GB 8 kwa 2,800 zikawa mbili zinazofanana, na hilo ni muhimu zaidi ukiwa huna kadi ya video kwa sababu picha zinachota kwenye ramu hiyo hiyo, vipande viwili vinapitisha haraka kuliko kipande kimoja. SSD ya NVMe (aina ya kasi zaidi) GB 512 ikawa 5,200, skrini ya inchi 22 iliyotumika 6,500, na UPS, betri ya akiba stima ikikatika, ya 650VA 6,800. Jumla 44,300 bila nauli.

Nauli nayo ina habari yake. Basi kutoka Mombasa mpaka Mokowe nliiweka mapajani, sikukubali iende chini kwenye buti, Garsen mpaka Witu naihisi kila tuta. Mokowe nkaifunga nailoni mara tatu ndio nkapanda boti. Kutoka gatini mpaka nyumbani Langoni alinibebea kijana kwa mkokoteni, punda nlikataa, punda akijikuna ukutani na mashine iko mgongoni ni hasara.

Kisha ikaja shida ya nyumba. Sisi tunakaa nyumba ya mawe ya zamani, kuta za matumbawe na chokaa, nene, baridi nzuri hata mchana wa kaskazi lakini Wi-Fi haipiti. Ruta ilikuwa ukumbini kwenye kidaka, chumbani kwangu ukuta mmoja tu katikati na akaunti zinatoka moja baada ya moja. Nlihangaika wiki mbili nikidhani ni mashine, nikabadilisha hiki na kile, mwisho fundi mmoja jirani akaniambia vuta waya wewe. Nikanunua waya wa LAN mita 20 nikaupitisha juu kwenye boriti, toka siku hiyo sijatolewa kwenye gemu kwa sababu ya netiweki ya ndani.

Chumvi ndio adui mkubwa hapa. Mwezi wa tano asubuhi moja naiwasha, taa ya kitufe inapepesa rangi ya machungwa, skrini nyeusi. Wallahi moyo ulinienda mbio. Nikafungua, nikachomoa ramu, yale meno yake ya dhahabu yana utando. Nikasugua kwa kifutio cha penseli taratibu, nikapangusa na spiriti, nikarudisha, ikawaka. Sasa kila baada ya miezi miwili nafanya hivyo na napuliza vumbi kwenye feni. Usiiweke karibu na dirisha la upande wa bahari hata kama upepo ni mtamu.

UPS nayo usiiruke. Stima ikikatika nna kama dakika 12, zinatosha kutoa akaunti zote salama. Kabla sijainunua ilikatika niko katikati ya kupigana na jitu, nilipoteza vitu vya kazi ya wiki nzima, na iliniuma.

Kitu kimoja cha bure ambacho kimenisaidia kuliko ramu: ndani ya RuneLite kuna plagini inaitwa FPS Control, unayapunguzia kasi madirisha usiyoyaangalia. Mimi yale matatu ya nyuma nimeyaweka fremu 10, nnalocheza 50. Feni ilikuwa inavuma mama anauliza kuna nini humo chumbani, sasa haisikiki.

Mapungufu yapo. Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi hiki, cha sita, na Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho Oktoba 2025, ndio nkaweka Linux Mint, RuneLite inakimbia vizuri tu lakini kama gemu yako haitaki Linux basi tafuta mashine ya kizazi cha nane kwenda juu. Pawa saplai yake ni wati 240 na plagi zake ni za Dell wenyewe, ikiungua huchukui ya duka lolote ukachomeka. Na ukitaka kadi ya video baadaye tafuta ile isiyotaka waya wa umeme wa ziada, mfano GTX 1050 Ti za wati 75.

Ya kwangu imebaki na nafasi mbili za ramu. Nikijaaliwa mwezi ujao naongeza ziwe GB 32, manake mdogo wangu naye ashaanza kuomba akaunti yake.